Mstari mmoja wa Jumanne: kipimo cha mimba kina siku yake

Chukua mfano wa mama mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, mwenye watoto wawili na biashara ya mitumba Ilala. Siku zake alizitarajia Jumamosi. Jumanne ya wiki hiyo matiti yalikuwa yanauma, akashindwa kuvumilia. Mchana akapita duka la dawa, akanunua kipimo cha mkojo, akakificha ndani ya mkoba na kwenda kupimia kwenye choo cha sokoni. Kwa joto la siku ile, alikuwa ameshakunywa chupa mbili kubwa za maji tangu asubuhi. Mstari ukatokea mmoja. Akakitupa, akashusha pumzi, na jioni akamwambia mumewe: "Baba watoto, hamna kitu."

Jumapili akaona matone, ya kahawia kuliko mekundu, yakakatika baada ya siku mbili. Akayahesabu kuwa ndiyo hedhi ya mwezi huo.

Wiki mbili baadaye ikaja homa, mwili kuuma na kichefuchefu. Akarudi duka la dawa kutaka dawa ya malaria, na kwa kuwa alikuwa anakohoa pia, akaomba na doxycycline, dawa ambayo wifi yake aliwahi kuandikiwa ikamsaidia. Muuzaji akamuuliza swali ambalo huulizwa kila siku kwenye maduka hayo: "Dada, una ujauzito?"

"Hapana, nilipima. Na siku zangu nimeziona."

Hakudanganya. Alijibu alichokiamini. Tatizo ni kwamba ile "hapana" ilikuwa ya Jumanne, karibu wiki tatu nyuma, na hata siku hiyo yenyewe kipimo hakikuwa kimeulizwa swali ambacho kingeweza kulijibu.

Mkasa wa namna hii ni wa kawaida mno. Kipimo cha mkojo, ambacho wengi wanakiita UPT, siku hizi kinapatikana karibu kila duka la dawa na bei yake haizidi sahani ya chipsi. Hilo ni jambo jema. Binti anaweza kujipima bila kupanga foleni zahanati na bila jirani kujua. Lakini urahisi huo umeleta mazoea ya kupima siku yoyote inayokuja na wasiwasi, kisha jibu la siku hiyo likabebwa mwezi mzima kana kwamba ni cheti.

Kipimo kinatafuta nini

Kinachotafutwa kwenye mkojo si mtoto, wala si dalili ya kukutana kimwili. Ni homoni moja inayoitwa hCG, inayotengenezwa na chembe ambazo baadaye huwa kondo la nyuma. Chembe hizo huanza kuimwaga kwa wingi kwenye damu ya mama pale yai lililorutubishwa linapojipandikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Kabla ya hapo, hata kama mimba imetungwa, hakuna cha kuonekana kwenye kopo la mkojo.

Na safari hiyo inachukua muda. Mwaka 1999, watafiti wa Marekani wakiongozwa na Allen Wilcox walichapisha matokeo ya kufuatilia mkojo wa wanawake waliokuwa wakitafuta mtoto, siku baada ya siku. Kwa mimba zilizoendelea, yai lilijipandikiza kati ya siku ya 6 na ya 12 baada ya kupevuka, na wengi wao, asilimia 84, ilikuwa siku ya 8, 9 au 10. Ina maana mwanamke ambaye yai lake lilipevuka Jumamosi moja anaweza kufika Jumatatu ya wiki ya pili bila chembe ya hCG mwilini, ilhali mimba ipo.

Baada ya kuanza, homoni hiyo hupanda haraka, ikijirudufu takriban kila siku mbili hadi tatu katika wiki za mwanzo. Hapo ndipo siku mbili tatu za kusubiri zinapoleta tofauti kubwa. Kilichokuwa kidogo mno Jumatano, Jumamosi kinaweza kutoa mstari wa wazi.

Kuhusu yale matiti ya mama wa Tabata, nayo yana maelezo yake. Baada ya yai kupevuka mwili hutoa homoni ya projesteroni, mimba iwepo au isiwepo. Ndiyo inayofanya matiti yaume, tumbo lijae na hasira ziwe karibu. Kwa hiyo dalili za siku chache kabla ya hedhi haziwezi kutofautisha mwenye mimba na asiye nayo, hata kwa mwanamke anayejisifu kwamba mwili wake anaujua.

Siku ya kupima

Kwa mwanamke ambaye mzunguko wake hauyumbi, siku inayofaa kuanzia ni ile ambayo hedhi ilipaswa kuja na haikuja. Si siku nne kabla yake. Na hata siku hiyo jibu la "hapana" bado halijakomaa. Wilcox na wenzake walirudi kwenye takwimu zao na mwaka 2001 wakaandika kwenye jarida la JAMA kwamba, kati ya mimba 136 walizozichunguza, asilimia 10 hazikuwa zimejipandikiza siku ya kwanza ya kukosa hedhi. Hakuna kipimo duniani, kiwe cha bei gani, ambacho kingeziona siku hiyo. Wiki moja baadaye, walikadiria, kipimo kizuri kingeweza kuona asilimia 97.

Sababu kubwa ni kwamba yai halifuati kalenda. Mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 mwaka mzima anaweza mwezi mmoja akachelewa kupevusha kwa siku tatu au tano kwa sababu ya homa, safari, msiba au usingizi mbovu. Yai likichelewa, kila kinachofuata kinachelewa, lakini tarehe aliyoizungushia duara ukutani inabaki pale pale.

Hivyo anayepima siku ya kukosa hedhi na kuona mstari mmoja, anangoja siku chache, wengine wanashauri wiki moja, anapima tena. Kama hedhi bado haijaja na kipimo cha pili nacho kimesema hapana, ni wakati wa kumuona mtoa huduma, kwa sababu kuna mengi mengine yanayozuia siku kuja: mawazo, kupungua au kuongezeka uzito ghafla, matatizo ya tezi ya shingo, mayai yasiyopevuka vizuri.

Kwenye pakiti nyingi imeandikwa asilimia 99. Namba hiyo huwapa watu ujasiri usiostahili. Inatokana na vipimo vilivyofanywa maabara, kwa mkojo wenye kiwango cha homoni kinachojulikana, na inahusu siku ya kutarajia hedhi na kuendelea. Haimhusu anayepima Jumanne ilhali siku zake ni Jumamosi. Namba yenye maana zaidi kwenye pakiti ile ni ndogo na imeandikwa pembeni: 25 mIU/ml, au kwa baadhi 10. Hicho ndicho kiwango cha chini cha homoni ambacho kipimo kinaweza kukinusa. Namba ikiwa ndogo, kinanusa mapema zaidi. Ni vizuri kuisoma kabla ya kulipa.

Wasio na siku ya kusubiri

Ushauri wa "ngoja ukose siku" una kasoro moja kubwa. Wanawake wengi hawana siku ya kukosa.

Yupo anayenyonyesha. Tangu ajifungue hajaona hedhi, na amesikia kwamba kunyonyesha kunazuia mimba. Ni kweli kwa masharti matatu yaliyo pamoja: mtoto hajatimiza miezi sita, ananyonya tu bila uji wala maziwa mengine, usiku na mchana, na mama hajaona hedhi. Sharti moja likivunjika, kinga imekwisha. Kibaya zaidi, yai la kwanza baada ya uzazi linaweza kupevuka kabla ya hedhi ya kwanza. Mwanamke anaweza kutoka mimba moja kwenda nyingine bila kuona tone la damu katikati, na akaja kushtuka tumbo likiwa limeshaanza kuonekana. Wale watoto wanaopishana mwaka mmoja mtaani, wengi wao historia yao ni hiyo.

Yupo anayetumia sindano ya miezi mitatu. Sindano hiyo huvuruga hedhi, kwa wengi huikata kabisa, na ikiachwa mayai yanaweza kuchukua miezi mingi kurudi kwenye utaratibu. Aliyechelewa tarehe ya kurudia sindano kwa muda mrefu hana namna ya kujua kama hedhi imekosekana kwa dawa au kwa mimba.

Na yupo aliyemeza P2. Huyu anastahili kusemwa kwa urefu kidogo, maana ndiye anayechanganyikiwa zaidi. Vidonge hivyo vya dharura, vinavyofanya kazi vizuri zaidi vikimezwa mapema ndani ya saa 72, huzuia au kuchelewesha yai kupevuka. Havina nguvu kwa asilimia mia, na vinaweza kuleta matone siku chache baada ya kumezwa. Binti akiyaona matone hayo hushangilia, akidhani ni hedhi na mambo yamekwisha. Si lazima iwe hivyo. Hedhi halisi inaweza kuja mapema au kuchelewa. Ikichelewa zaidi ya siku saba ya ile aliyoitarajia, apime.

Kwa wote hawa watatu, na kwa kila mwenye mzunguko usioeleweka, hesabu haianzii kwenye hedhi. Inaanzia siku ya mwisho ya kukutana kimwili bila kinga: zihesabiwe siku 21, ndipo apime. Wiki tatu zinatosha yai kupevuka, kurutubishwa, kujipandikiza na homoni kufika kwenye mkojo hata kwa waliochelewa. Kupima siku ya tano kwa hofu, jambo linalofanywa sana na wanafunzi wa vyuo, ni kutupa pesa na kujipa usingizi wa uongo.

Kopo, saa na mwanga

Ukiacha siku, mengi yanayoharibu jibu hutokea chooni katika dakika tano.

Maji ndiyo ya kwanza. Mkojo uliotoka baada ya kunywa maji mengi ni mwepesi kama maji yenyewe, na homoni iliyomo imetawanyika. Wiki mbili baada ya kukosa hedhi hilo halina madhara makubwa, lakini siku za mwanzo linaweza kugeuza ndiyo ikawa hapana. Ndiyo maana mkojo wa kwanza wa asubuhi unapendekezwa, ule uliokaa kibofuni usiku kucha. Anayefanya kazi za usiku, mlinzi au muuguzi, "asubuhi" yake ni pale anapoamka, hata kama ni saa tisa alasiri.

Kopo liwe safi na kavu. Kikombe kilichosuuzwa kwa sabuni bila kukaushwa si kopo safi kwa kazi hii. Kipimo kichovywe hadi kabla ya ule mstari wenye mshale, si zaidi, kwa sekunde zilizoandikwa kwenye pakiti, kisha kilazwe mahali tambarare. Wapo wanaokishika wima mkononi wakikitikisa kama kipimajoto cha zamani.

Halafu saa. Aina nyingi husomwa kati ya dakika 3 na 5, na baada ya dakika 10 hazisomwi tena. Mwanamke aliyekitupa kipimo saa kumi na mbili asubuhi akakiokota jioni kwenye ndoo ya taka na kukuta mstari wa pili umejitokeza, hana jibu jipya. Mkojo ukikauka unaweza kuacha alama ya kijivu, isiyo na rangi ya wazi, ambayo imewaliza wengi, wengine kwa furaha. Mstari hafifu ni jambo jingine: ukitokea ndani ya muda, na una rangi ile ile ya mwenzake hata kama umefifia, huo ni mstari. Mara nyingi maana yake ni mimba changa sana. Arudie baada ya siku mbili au tatu. Kama mambo yanaenda vizuri utakuwa umekolea.

Na kama ule mstari wa uthibitisho, wenye herufi C, haukutokea kabisa, kipimo hicho ni kibovu. Hakijasema ndiyo wala hapana.

Ubovu huo mara nyingi huanzia dukani. Vipimo hivi vinatakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 30, pakavu. Anayejua chumba chenye paa la bati Dar es Salaam mwezi wa pili anajua kuwa nyuzi 30 hupitwa kabla ya saa sita mchana. Duka lililopanga boksi dirishani likipigwa na jua linauza kitu ambacho huenda kimeshakufa. Pakiti isifunguliwe hadi dakika ya kutumia, na tarehe ya mwisho wa matumizi isomwe pale pale mbele ya muuzaji. Hakuna aibu katika hilo.

Dawa nazo husingiziwa bure. Panadol, antibayotiki, vidonge vya majira, kijiti, pombe: hakuna kati ya hivyo kinachobadilisha jibu. Zinazobadilisha ni sindano zenye hCG yenyewe, wanazochomwa baadhi ya wanawake wanaotibiwa ugumba ili yai lipevuke. Hao wakipima kabla ya takriban wiki mbili wanaweza kusoma dawa wakadhani ni mimba, na kliniki iliyowachoma ndiyo iwape tarehe. Vilevile aliyetoka kujifungua, au mimba yake imeharibika au imetolewa, hubaki na homoni mwilini kwa wiki kadhaa. Mistari miwili wiki ya pili baada ya mimba kuharibika inaweza kuwa mabaki tu, ingawa inaweza pia kuashiria kuwa kuna masalia yaliyobaki kwenye mfuko wa uzazi. Kama kuna damu nyingi, homa au uchafu wenye harufu, asingoje kupima tena, aende hospitali.

Hali moja ni adimu lakini huleta mabishano kwenye familia: mama mwenye tumbo la miezi mitatu na kipimo kinachosema hapana. Homoni ikiwa nyingi kupita kiasi, kama kwenye mimba ya mapacha, mimba zabibu, au hata mimba ya kawaida iliyopita wiki nane hadi kumi, wingi wake na vipande vyake vinaweza kukiziba kipimo kisifanye kazi. Altrasaundi humaliza ubishi.

Chumvi, sukari na chura

Kwenye simu zinazunguka video za kupima mimba kwa chumvi, sukari au dawa ya meno: unachanganya na mkojo, ukiona povu au mabonge una mimba. Povu la dawa ya meno linatokana na tindikali ya mkojo kukutana na madini yaliyomo kwenye dawa. Hata mkojo wa baba mwenye nyumba utatoa povu. Homoni ya hCG haihusiki.

Kwa haki, binadamu wamehangaika na mkojo huu kwa muda mrefu. Wamisri wa kale waliumwagia mbegu za ngano na shayiri wakasubiri zichipue. Katika miaka ya 1930 jibu la kuaminika lilitoka kwa chura wa kusini mwa Afrika, Xenopus laevis: alichomwa mkojo wa mwanamke, na akitaga mayai ndani ya saa kadhaa, mwanamke ana mimba. Maelfu ya vyura walisafirishwa kwenda Ulaya na Marekani kwa kazi hiyo. Wazo la mwanamke kujipimia nyumbani lilikuja mwaka 1967, pale Margaret Crane, mchoraji aliyeajiriwa na kampuni ya dawa ya Organon huko Marekani, alipoona mirija ya maabara imepangwa juu ya kioo, akajiuliza kwa nini mwenye mwili asisome mwenyewe. Waajiri wake hawakulipenda wazo hilo mwanzoni.

Mistari miwili si mwisho wa maswali

Kipimo kikisema ndiyo, kwa kawaida ni ndiyo. Kinachobaki ni mimba iko wapi na inaendeleaje, na hayo kipimo cha mkojo hakiyajui. Mimba iliyotunga kwenye mrija hutoa homoni vilevile na huchora mistari miwili kama nyingine. Mwenye mistari miwili, au mwenye mstari mmoja lakini amekosa siku zake, akapata maumivu makali ya tumbo chini, hasa upande mmoja, kutokwa damu, kizunguzungu, kuzimia au maumivu kwenye ncha ya bega, asipime tena na asinywe dawa ya kutuliza kisha akalala. Mrija ukipasuka, damu humwagikia tumboni na saa chache zinaweza kuondoa uhai. Usiku wa manane, iitwe bajaji, aamshwe jirani mwenye gari.

Mwanamke anayetafuta mtoto kwa muda mrefu ana maumivu yake mengine. Huyu hupima mapema kila mwezi, na safari moja huona mstari hafifu, akamwambia mume, mume akamwambia mama yake, na siku tatu baadaye damu ikaja. Utafiti mwingine wa Wilcox, wa mwaka 1988, ulionyesha kuwa asilimia 22 ya mimba zilizogunduliwa kwa vipimo nyeti vya mkojo zilipotea kabla hazijajulikana kwa njia ya kawaida. Zamani zingeitwa hedhi iliyochelewa kidogo. Kupima kabla ya wakati hakuziokoi. Kunazifanya zihesabike, na mama mkwe akianza kuzihesabu naye, nyumba inakuwa ndogo. Kusubiri hadi siku zikosekane kunampunguzia mwanamke huyu misiba ambayo mwili wenyewe ungeipitisha kimya.

Lakini kuchelewa sana nako kuna gharama. Mfereji wa neva za mtoto, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe, yaani takriban wiki mbili tu baada ya hedhi kukosekana. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linashauri foliki asidi ianze kumezwa hata kabla ya mimba, na hudhurio la kwanza la kliniki liwe ndani ya wiki 12. Miezi mitatu ya mwanzo pia ndiyo yenye orodha ndefu ya dawa za kuepuka. SP ya kukinga malaria haitolewi hadi kipindi hicho kipite, na dawa za minyoo nazo husubiri. Doxycycline haipewi mjamzito bila sababu nzito. Ndiyo maana swali la muuzaji wa dawa, au la mpiga picha za eksirei, si udaku.

Turudi kwa mama wa Tabata, aliyesimama mbele ya kaunta na homa yake. Muuzaji yule hakuridhika na "nilipima". Akauliza tena: "Ulipima lini, dada? Siku zilikuwa zimeshapita?"

Mama akahesabu kwa vidole. "Zilikuwa bado siku nne."

"Na hizo ulizoziona, zilikuwa kama za siku zote?"

Kimya. Hazikuwa. Siku zote huenda siku tano, na siku ya pili hawezi kukaa bila kubadilisha. Hizi zilikuwa matone ambayo hata pedi moja hayakuijaza. Muuzaji akarudisha doxycycline kwenye rafu, akampa kipimo kingine na kumwelekeza kituo cha afya kilicho mtaa wa pili akapime na malaria badala ya kukisia. Choo cha kituo ndicho kilichotoa jibu: mistari miwili, yote imekolea, kabla hata dakika tatu hazijaisha. Kipimo cha damu nacho kikaonyesha malaria. Kwa kuwa daktari alijua kwamba mimba ipo na ni changa, alimwandikia dawa mseto ya artemether na lumefantrine, ambayo tangu mwishoni mwa mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limeiidhinisha hata kwa miezi mitatu ya kwanza, akamweleza amalize dozi na arudi homa isiposhuka.

Alipokwenda kufungua kadi ya kliniki, muuguzi akamuuliza tarehe ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Akaitaja Jumapili ile ya matone, maana ndiyo iliyokuwa kichwani. Muuguzi akahesabu, akapata wiki saba, akaandika. Altrasaundi ya siku hiyo hiyo ikasema wiki kumi na siku kadhaa. Wakaanza kuulizana upya, taratibu, kurudi nyuma hadi kwenye hedhi ya kweli, ile ya kabla ya Jumanne ya kipimo, ambayo aliikumbuka kwa sababu iliangukia siku ya kipaimara cha mtoto wa dada yake. Muuguzi akaikata tarehe ya kwanza kwa kalamu, akaandika nyingine juu yake, na tarehe ya kujifungua ikarudi nyuma kwa karibu mwezi mzima.